Umeumia kazini? Chunga neno la kwanza utakalomwambia muuguzi (uzi mrefu)

Mkono wa Kushoto

Wakuu, habari za humu ndani. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimeuandika kwa siku tatu maana mkono wangu wa kulia hauwezi tena kuandika kwa haraka.

Miaka minne iliyopita nilikuwa zamu ya usiku kwenye mashine ya kukunja bati. Kizuizi cha mbele kilikuwa kimefunguliwa tangu wiki iliyotangulia kwa kuwa kilikuwa kinachelewesha kazi. Nilikuwa nalisogeza bati likae sawa, mwenzangu wa upande wa pili akakanyaga pedali akidhani nimeshatoa mkono. Kidole cha shahada kiliondoka chote, cha kati kikakatikia kwenye kiungo.

Wakanifunga taulo, nikapakiwa kwenye gari la kazini. Msimamizi alikaa nami kiti cha nyuma akiwa ameuinua mkono wangu juu ili damu ipungue, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Tulipokaribia hospitali akaniambia kwa sauti ya chini: "Ukiulizwa, sema umejikata nyumbani. Ukisema kazini utaanza mlolongo wa wakaguzi na makaratasi. Sisi tutakulipia kila kitu." Nilimwamini. Muuguzi akauliza, nikajibu hivyo, naye akaandika kwenye kadi: *Amejikata na msumeno nyumbani.*

Maneno manne. Yalinizungusha miezi 14.

Wiki za mwanzo walilipa matibabu na mshahara. Mwezi wa pili mshahara ukaja pungufu. Wa tatu nikaambiwa mkataba wangu umekwisha. Nilipopeleka madai, yalirudi yamekataliwa, na nyuma yake wamebana nakala ya ile kadi ya hospitali.

Kilichoniokoa ni daftari la getini. Mlinzi wa usiku ule alikuwa mtu makini, anaandika kila gari linaloingia na kutoka. Kwenye mstari wake kulikuwa na saa 2:40 usiku, namba ya gari, jina langu, na neno "majeruhi". Mwenzangu aliyekanyaga pedali naye akakubali kutoa maelezo, ingawa alijua anahatarisha kibarua chake. Bila hao wawili leo ningekuwa mtu aliyejikata na msumeno nyumbani, wakati kwetu hakujawahi kuwa na msumeno.

Nimeanza na hayo kwa sababu wengi wetu tunadhani fidia ni hisani. Bosi akiwa mwema utapata, akiwa mkali utakosa. Hapana. Ni haki iliyowekwa kisheria katika nchi nyingi mno, na msingi wake ni kwamba haiulizi kosa ni la nani. Inauliza mambo mawili tu: je, uliumia ukiwa kazini, na je, kuumia kwako kumetokana na kazi hiyo?

Haikuanza hivyo. Zamani aliyeumia alikuwa na njia moja tu, kwenda mahakamani kuthibitisha uzembe wa mwajiri mwenyewe. Mwaka 1835 huko Uingereza, kijana aliyekuwa mtumishi wa muuza nyama, Charles Priestley, alivunjika paja baada ya gari la farasi lililopakiwa mzigo kupita kiasi kumwangusha njiani. Alishtaki akapewa pauni 100, kisha mwaka 1837 majaji wakazifuta, wakisema mtumishi anaijua hatari ya kazi yake kama bwana wake na angeweza kukataa kupanda. Hukumu za namna hiyo ziliwapa waajiri ngao tatu: aliyekosea ni mfanyakazi mwenzako, au uliijua hatari ukaikubali, au wewe mwenyewe ulizembea. Kwangu mimi ngao ya kwanza peke yake ingetosha kunimaliza, maana aliyekanyaga pedali ni mwenzangu.

Ujerumani ilibadilisha mambo mwaka 1884, enzi za kansela wake Bismarck: waajiri wachangie mfuko, anayeumia alipwe bila kesi ya nani kakosea. Uingereza ikamfunga mwajiri kulipa fidia kwa sheria ya mwaka 1897, ikianzia na kazi za hatari. Marekani ikaingia jimbo moja moja, Wisconsin mwaka 1911, na Mississippi ikawa ya mwisho mwaka 1948.

Ni mapatano. Mfanyakazi anaacha, kwa sehemu kubwa, haki ya kumburuza mwajiri mahakamani kudai fedha nyingi za maumivu na mateso. Badala yake anapata malipo ya uhakika, hata kama alighafilika. Kwa hiyo msishangae fidia isipofikia hasara yote. Ndivyo yalivyo mapatano. Ila mkishanyang'anywa na hiyo sehemu ndogo mliyoahidiwa, mmepoteza pande zote mbili, na hilo ndilo linaloniuma.

Mwenye swali aulize. Ninachokijua nitajibu.

Zamu ya Usiku

Mkuu pole sana. Umeandika wakati mdogo wangu yuko wodini. Ameanguka leo mchana kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, nyonga imepasuka. Nyapara kaja hapa na matunda, kaniita pembeni, na maneno ni yale yale: "Semeni ameteleza bafuni." Nifanye nini usiku huu huu?

Mkono wa Kushoto

Ndugu yangu, pole sana wewe na mdogo wako. Nenda sasa hivi kwa muuguzi wa zamu, uliza faili lake limeandikwaje. Usigombane na nyapara. Mshukuru kwa matunda, ukweli ubaki pale pale.

Muuguzi wa Zamu

Niongezee hapo kama mtu wa wodini. Tunaandika tulichoambiwa, hatukuwepo. Mgonjwa akisema "nimeanguka", tunaandika ameanguka. Akisema "nimeanguka kutoka kwenye jukwaa, kama mita tatu, nikiwa napaka plasta kazini, saa nane mchana", tunayaandika yote. Kaka, mwambie mdogo wako aeleze hivyo: wapi, saa ngapi, alikuwa anafanya nini, aliangukia upande gani. Na ataje kila panapouma, hata kama ni kidogo. Nyonga inauma sana leo kiasi kwamba hausikii mkono. Mkono ukianza kusumbua wiki ya tatu na haumo kwenye maelezo ya siku ya kwanza, mtu wa bima atasema ulipatia kwingine.

Kama limeshaandikwa la uongo, msiombe lifutwe. Kumbukumbu ya hospitali haifutwi. Ombeni daktari aongeze maelezo mapya chini yake, yenye tarehe na saa, kwamba mgonjwa amesahihisha jinsi alivyoumia. Kadiri inavyokuwa karibu na ajali ndivyo inavyoaminika.

Zamu ya Usiku

Asante dada. Naelekea wodini.

Mzee wa Karakana

Naomba na sisi wenye karakana ndogo tusikilizwe. Nina vijana sita. Mmoja aliungua mguu kwa sababu alivua buti nilizomnunulia. Nilimpeleka hospitali kwa fedha yangu na nikamlipa mshahara mpaka akapona. Sikutoa taarifa popote, na sikuwa na nia mbaya. Niliogopa mchango wa bima kupanda.

Karani Mstaafu

Mzee wangu, nimekaa kwenye meza ya madai miaka mingi, na waajiri wenye moyo kama wako nimewaona. Ulimtendea wema huyo kijana, lakini umejiacha wazi. Mguu ule ukija kuota donda sugu baada ya mwaka, au akishindwa kusimama muda mrefu, hakuna karatasi inayoonyesha kilichotokea. Bima itasema haikuarifiwa kwa wakati, na mzigo wote utakuangukia wewe. Taarifa inamlinda kijana, na inakulinda wewe pia.

Kuhusu buti: katika mifumo mingi, kughafilika kwa kawaida hakumnyimi mtu fidia. Kinachoweza kumnyima ni kujidhuru kwa makusudi, na mara nyingi ulevi au utovu wa makusudi wa nidhamu ya usalama. Hata hapo zipo sheria zinazolipa ikiwa mtu amefariki au amepata ulemavu mkubwa, kwa sababu wanaobaki na njaa ni watoto na hawakumvua mtu buti.

Kwa kuwa nimeshaingia, niseme fidia ina nini ndani, maana watu wengi huijua kama fungu moja la fedha.

Ya kwanza ni matibabu. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unataja mpaka miwani na viungo bandia, tena viungo hivyo vitengenezwe vikiharibika na kubadilishwa inapobidi. Nimeona watu wakinunua mguu wa pili kwa fedha zao kwa sababu hawakujua hilo la kubadilishwa.

Ya pili ni sehemu ya mshahara kwa muda ambao huwezi kufanya kazi. Mkataba huohuo unaweka kiwango cha chini cha asilimia 60 ya kipato kwa mfanyakazi mwenye mke na watoto wawili. Nchi nyingine hulipa zaidi, nyingine huwa na siku chache za mwanzo zisizolipwa. Hapa tunzeni hati za mshahara! Ugomvi mkubwa kwenye meza yangu ulikuwa kipato chenyewe. Mtu alikuwa anapata saa za ziada kila wiki kwa mwaka mzima, halafu mwajiri anapeleka mshahara wa msingi peke yake.

Ya tatu ni ulemavu wa kudumu, hulipwa kwa mkupuo au kama pensheni. Ya nne ni malipo ya wategemezi mtu akifariki, pamoja na gharama za mazishi. Ipo pia fedha ya msaidizi kwa yule asiyeweza kujihudumia, na mafunzo ya kazi nyingine kwa asiyeweza kurudi kwenye ile ya zamani. Hizi mbili haziombwi kabisa. Watu hawajui kama zipo.

Mkono wa Kushoto

Mzee Karani hapo kwenye ulemavu wa kudumu naomba nikae kidogo, kwa sababu niliumia mara ya pili.

Walinipeleka kupimwa asilimia wakati nyuzi ndiyo kwanza zimetolewa. Daktari akahesabu vidole vilivyokatika, akaandika, nikarudi nyumbani. Miezi mitano baadaye kidole cha pete, ambacho hakikuguswa na mashine, kikawa hakikunji. Kovu la kiganjani lilikuwa limekakamaa na kukivuta. Siwezi kushika nyundo. Siwezi kufunga kifungo cha shati la mwanangu. Hayo yote hayakuwepo kwenye ile karatasi ya kwanza.

Kupima asilimia ni kazi ya kusubiri hali itulie, yaani daktari aridhike kwamba matibabu yamefika yanapoweza kufika. Ukiharakishwa, uliza kwa maandishi: hali yangu imeshatulia? Na tarakimu zenyewe zina mantiki yake. Mwongozo unaotumika katika majimbo mengi ya Marekani unakipa kidole gumba asilimia 40 ya mkono (kuanzia kifundo hadi vidole), shahada na cha kati asilimia 20 kila kimoja, cha pete na cha mwisho asilimia 10 kila kimoja. Kwa hesabu hiyo, kilichokatika na kile kilichokakamaa vyote vinahesabika, maana kidole kisichokunja nacho kimepungua kazi. Mimi nilikata rufaa, nikapimwa upya na daktari mwingine, asilimia zikapanda. Rufaa ina siku zake. Barua ya uamuzi ikifika, jambo la kwanza kutafuta ndani yake ni mwisho wa siku za kukata rufaa.

Kibarua Huru

Mimi naletwa na wakala. Kiwanda kinasema mimi si mtu wao. Wakala anasema nimesaini kama "mkandarasi huru". Mgongo umekwenda kwa kubeba magunia. Nina haki gani?

Karani Mstaafu

Pole kijana. Jina la kwenye karatasi si mwisho wa habari. Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo namba 198 mwaka 2006, nalo linasema uhusiano wa ajira utazamwe kwa mambo yanavyofanyika, hata kama mkataba umeupa jina jingine. Jiulize: saa ya kuingia anakupangia nani? Vifaa ni vya nani? Unaweza kumtuma mtu mwingine badala yako? Unafanyia wateja wengine, au ni hapo tu kila siku? Analipa nani, kwa wiki au kwa kazi iliyokamilika? Mtu anayebeba magunia ya mwenzake, kwenye ghala la mwenzake, kwa saa alizopangiwa, ni shida kumwita mkandarasi.

Peleka taarifa kwa wote wawili, kiwanda na wakala, kwa maandishi. Waache wabishane wao kwa wao huku taarifa yako ikiwa imeshafika ndani ya muda. Kosa la vijana wengi ni kusubiri wakubaliane kwanza.

Na mgongo ni mgumu kuliko kidole. Hauna tukio moja lenye saa na dakika. Andika lini ulianza kuuma, uzito wa gunia, magunia mangapi kwa zamu, nani alikuona umeinama ukashindwa kuinuka.

Mama Wawili

Samahani nachelewa kuuliza. Mume wangu alisaga mawe miaka kumi na moja. Aliacha miaka sita iliyopita. Sasa anakohoa, akipanda ngazi anasimama katikati kushika pumzi. Daktari amesema mapafu yana vumbi la mawe. Kampuni ilishafungwa. Nimeambiwa muda umepita.

Karani Mstaafu

Mama, pole sana, na usikubali jibu hilo kwa mdomo.

Ugonjwa unaotokana na kazi ni tofauti na ajali. Vumbi la mawe lenye madini ya silika linaweza kukaa miaka mingi kabla ya kujionyesha. Ugonjwa wa asbesto, yale madini ya nyuzi yaliyotumika kwenye mapaa, unaweza kuchukua miaka 20, 30, hata 40. Ndiyo maana sheria nyingi huhesabu muda wa kudai kuanzia siku mgonjwa alipoambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa huo na umetokana na kazi, au alipopaswa kujua. Haihesabiwi tangu siku aliyoacha kazi. Mwambie daktari aandike jina kamili la ugonjwa, tarehe ya kuugundua, na kwamba unaendana na kazi ya kusaga mawe.

Shirika la Kazi Duniani lina orodha ya magonjwa ya kazi, ya mwaka 2002, ikarekebishwa 2010, na magonjwa ya mapafu yatokanayo na vumbi yamo. Nchi nyingi zina orodha zao. Ugonjwa ukiwemo kwenye orodha na mtu alifanya kazi inayotajwa, mara nyingi mzigo wa kuthibitisha unapungua sana.

Kampuni kufungwa hakumalizi jambo. Kama kulikuwa na mfuko wa taifa, mfuko bado upo. Kama ilikuwa bima binafsi, anayetafutwa ni mwenye bima wa miaka ile. Tafuteni kitambulisho chake cha kazi, hati yoyote ya mshahara, hata picha akiwa na wenzake kazini. Na watafuteni hao wenzake. Kama naye yupo anayekohoa, nendeni pamoja.

Mama Wawili

Kitambulisho kipo. Kimeliwa na maji pembeni lakini jina na sura vinaonekana. Sikujua kina maana yoyote, nilikuwa nakaribia kukitupa.

Mkono wa Kushoto

Kitunze mama. Kipige na picha leo hii.

Kabla sijasahau, kuna karatasi nyingine ya kuogopa: ile ya "nimepokea kiasi hiki na sina madai mengine". Mimi niliwekewa mezani siku ambayo mwenye nyumba alikuwa amenipa siku tatu. Sheria nyingi hubatilisha makubaliano ya kumnyima mfanyakazi haki yake ya fidia, lakini kubatilisha huko kunapatikana baada ya kupigania, na wewe huna nguvu hiyo. Omba uondoke nayo, uisome, umpelekee mtu wa chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi. Anayekataa usiondoke nayo ameshakupa jibu.

Jingine: kama aliyekuumiza ni mtu wa nje, mfano dereva wa kampuni nyingine aliyekugonga ukiwa kazini, yale mapatano yanakufunga na mwajiri wako tu. Yule dereva unaweza kumdai, ingawa aliyekulipa fidia naye anaweza kurudishiwa alichotoa. Na mliopo ugenini, kuna Mkataba namba 19 wa mwaka 1925 unaozitaka nchi zilizouridhia kuwatendea raia wa nchi nyingine zilizouridhia sawa na wa kwao kwenye fidia ya ajali.

Zamu ya Usiku

Nimerudi wakuu. Faili lilikuwa limeandikwa "ameteleza bafuni". Nyapara alishajibu kwa niaba yake wakati wa kupokelewa, dogo akiwa hajitambui kwa maumivu.

Daktari wa usiku amekuja kitandani, akamsikiliza mwenyewe. Dogo ameeleza yote, ubao wa jukwaa uliokuwa umepasuka, na jinsi alivyoangukia kwenye rundo la matofali. Alipoulizwa panapouma pengine akasema kifundo cha mkono wa kushoto. Kimepigwa picha sasa hivi, kina ufa. Daktari ameandika yote chini ya yale ya kwanza, akaweka saa 4:15 usiku na sahihi yake. Nimenakili namba ya faili.

Fundi aliyekuwa naye juu ya jukwaa amenitumia picha ya ule ubao. Anasema asubuhi wataukata kuni, kwa hiyo amekwenda kuuchukua.